Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Dar es Salaam Kabla ya Mafunzo ya Uanasheria

SWALI: Shikamoo Wakili. Nilimaliza shahada ya sheria mwaka jana katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na sasa nimepata nafasi katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi tunaiita Law School. Masomo yanaanza baada ya mwezi mmoja na ushei. Nimezaliwa na kukulia Makambako, na Dar es Salaam nimefika mara chache, tena kwa kupita. Shangazi yangu anayeishi Gongo la Mboto amekwisha kuniandalia chumba na hataki kusikia habari ya kupanga. Baba anasema nisimuudhi, na kwamba fedha ya kodi ni afadhali iongezwe kwenye ada. Mimi nina hofu ya umbali. Nina hofu pia ya mitihani, maana kila ninayemweleza ninakokwenda ananikumbusha matokeo ya mwaka 2022. Naomba unishauri nikae wapi, nibebe nini, na mwezi huu uliobaki niutumieje.
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata nafasi.

Nitaanza na suala la makazi, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote. Taasisi ipo Barabara ya Sam Nujoma, upande wa Sinza, jirani na kituo cha mabasi cha Mawasiliano ambacho makondakta wengi bado wanakiita Simu 2000. Gongo la Mboto iko mbali, kupita uwanja wa ndege kuelekea Pugu. Ukitoka huko asubuhi utafuata Barabara ya Nyerere hadi Tazara, kisha ushike Barabara ya Mandela kupitia Buguruni hadi Ubungo, na hizo ni barabara ambazo malori ya bandarini, daladala na magari ya watu binafsi huzigombania tangu kabla jua halijachomoza. Hata ukipata daladala la moja kwa moja, utaamka saa kumi alfajiri, utasimama njia nzima ukiwa na suti nyeusi na mkoba wa vitabu, na jioni utarudi kwa njia ileile. Mwanafunzi wa shahada anaweza kumudu maisha hayo kwa sababu ratiba yake ina mianya. Ratiba ya mafunzo ya vitendo haina mianya ya namna hiyo, kwa kuwa mazoezi ya kuandika nyaraka yanafuatana, kazi za vikundi hufanyika jioni baada ya vipindi, na mahudhurio yanahesabiwa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba upange karibu, hata kama chumba chenyewe kitakuwa kidogo na kisichopendeza. Kodi utakayolipa ni bei ya saa za kulala na za kusoma, na baba yako akiitazama hivyo ataona kwamba ni sehemu ya ada.

Sasa shangazi. Huyu ni dada wa baba yako, na amekuandalia chumba kwa moyo mweupe, kwa hiyo maneno ya kukataa hayakupasi wewe kuyasema kwa simu. Yanampasa baba yako, kaka yake, ayaseme kabla hujapanda basi, naye ayaseme kwa namna ya kumshukuru na kumwomba jambo jingine mahali pa lile la kwanza. Mwombe shangazi akupokee stendi ya Magufuli pale Mbezi, ukae kwake wiki mbili za mwanzo, na akusindikize kutafuta chumba. Mtu mzima aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi akisimama karibu yako, dalali hupunguza maneno na mwenye nyumba hupunguza bei. Baadaye uwe unakwenda kwake siku za Jumapili au mwisho wa mwezi, tena uende kweli. Ndugu wengi hawaudhiwi na mgeni kupanga kwake. Wanaudhiwa anapohama kisha asionekane tena mpaka siku ya msiba.

Katika kutafuta chumba, maeneo ya kuyaangalia ni Sinza yenyewe, Mwenge, Mlalakua, Ubungo, Msewe na Mabibo. Sinza ni karibu kuliko kote, lakini ina baa nyingi mno, na nyumba iliyo kimya saa tano asubuhi unapooneshwa na dalali inaweza kuwa ukuta kwa ukuta na spika za muziki ifikapo saa tatu usiku. Nenda ukaione mara ya pili, usiku wa Ijumaa au Jumamosi, peke yako bila dalali. Ukiwa hapo fungua bomba uone kama maji yanatoka na kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, au ya kisima, kwa sababu ya kisima mara nyingi ni ya chumvi na hayatoi povu. Uliza kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia, na kama mnachangia, uliza mnagawana vipi na yule mwenye friji na pasi. Ugomvi wa umeme wa kuchangia umevunja urafiki mwingi wa wapangaji, na hakuna anayetaka kuanza kupiga mahesabu ya uniti usiku wa kuamkia mtihani. Tazama pia kuta karibu na sakafu. Ukiona mstari wa unyevu uliopanda futi moja au mbili, ujue wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji huingia ndani.

Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita kwa mpigo. Hiyo ndiyo desturi ya mji, na utaipunguza kwa kujadiliana tu. Lakini wewe una shahada ya sheria, na ni jambo la kushangaza jinsi wahitimu wa sheria wanavyosaini mikataba ya upangaji wakiwa wamesimama mlangoni, kalamu ya kuazima mkononi, bila kugeuza ukurasa wa pili. Usome wote. Angalia nani anabeba gharama ya matengenezo, notisi ni ya muda gani, kodi inaweza kupandishwa lini, na kama kuna sharti kuhusu wageni. Thibitisha kwamba unayesaini naye ndiye mwenye nyumba au ana mamlaka kutoka kwake, na ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kuuliza hilo, kwa sababu utakwenda huko vilevile kujitambulisha na huenda ukahitaji barua yao siku moja. Lipa kwa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki. Na ukumbuke kwamba Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtwika mpangishaji wajibu wa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu, hata pale ambapo mkataba haukusema neno juu yake.

Kama kodi itakuzidi, tafuta mwenzako wa kupanga naye chumba na sebule. Mchague kwa tabia zake za usiku, yaani analala saa ngapi na anapokea wageni wa namna gani, kuliko kwa kuwa mlisoma chuo kimoja.

Kuhusu cha kubeba, punguza. Mabegi ya wanaotoka Njombe hujaa mablanketi na masweta ambayo Dar es Salaam hayatafunguliwa mwaka mzima. Maharage na mchele vibebwe, vinakaa. Viazi usibebe gunia zima, kwa sababu joto la pwani litavichipusha na kuvioza kabla hujafika nusu. Mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili na feni vinatosha kuanzia. Kitu kimoja ambacho watu wa nyanda za juu hukipuuza ni chandarua. Mkoa wa Njombe una malaria kidogo sana, na aliyekulia huko hana kinga ambayo mwili wa mtu wa pwani umeijenga tangu utotoni, hivyo homa anayoiita mwenzako mafua, wewe nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Hakikisha bima yako ya afya inafanya kazi kabla ya siku ya kwanza ya darasa.

Mavazi yanahitaji fedha uliyoitenga mapema. Utavaa kama anayekwenda mahakamani, yaani suti nyeusi au ya rangi ya giza na shati au blauzi nyeupe, karibu kila siku ya masomo, na maelekezo ya kujiunga yatakupa undani wake. Mtumba wa Karume pale Ilala, au wa Manzese ambao uko karibu zaidi nawe, hutoa suti nzuri ukiwa na subira ya kupekua. Gusa kitambaa kabla ya kuangalia mshono, kwa sababu suti nzito ya Ulaya itakuchemsha, na ile ya nailoni inayong'aa itanuka jasho ifikapo saa sita mchana. Kisha umpelekee fundi aipunguze. Sketi au suruali mbili, koti moja au mawili na blauzi nne vitakuvusha wiki bila kufua kila usiku.

Sasa ile hofu ya mwaka 2022. Mambo yalikuwa hivi: mwezi Oktoba mwaka huo ilifahamika kwamba kati ya wanafunzi 633 wa kundi moja, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Nchi nzima ilizungumza, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wapo waliovilaumu vyuo vikuu na wapo walioilaumu Taasisi, na mimi naona kila upande ulikuwa na sehemu yake. Lakini linalokuhusu wewe ni hili: shahada ilikuuliza sheria inasema nini, na mafunzo haya yatakuuliza uifanye nini mteja akiwa amekaa mbele yako. Aliyezoea kukariri hukwama hapo, hata awe na alama za juu kiasi gani.

Kwa hiyo mwezi wako usiutumie kusoma upya madaftari yote ya miaka minne. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania ambayo ni bure, uchukue hukumu ya Mahakama Kuu katika shauri la madai la kawaida, kama vile deni au mgogoro wa kiwanja. Soma tu sehemu inayoeleza kilichotokea, kisha funga. Andika hati ya madai kana kwamba wewe ni wakili wa mdai, na kesho yake uandike majibu ya utetezi ukiwa upande wa pili. Ukimaliza, fungua Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, uhakiki: je, umeonesha mahakama ina mamlaka, umeeleza sababu ya madai ilizaliwa lini, umeweka uthibitisho mwishoni? Fanya vivyo hivyo kwa hati ya kiapo, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi kwa sababu inaonekana rahisi. Hati ya kiapo hubeba mambo ya hakika tu. Hoja za kisheria, maombi na mahitimisho hayana nafasi humo, na hilo limesemwa na mahakama za Afrika Mashariki tangu shauri la Matovu la Uganda mwaka 1966. Mwishoni mwake lazima ionekane kiapo kilichukuliwa wapi na tarehe gani, kama inavyotakiwa na Sura ya 12 inayohusu makamishna wa viapo. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa sababu mstari huo uliachwa wazi. Ukiandika hati moja kila siku ya kazi, utaingia darasani mkono wako ukiwa umezoea.

Tahadhari moja katika hilo: sheria zetu zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa upya pamoja na marekebisho yake, na Toleo la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo usiziamini namba za vifungu zilizo kwenye madaftari yako ya zamani bila kuzihakiki.

Halafu nenda mahakamani ukasikilize. Mahakama ni wazi kwa watu wote, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini ukizima simu, ukivaa kwa heshima na kuinama kidogo unapoingia na kutoka. Anza na mahakama ya mwanzo, ambako kila kitu kinaendeshwa kwa Kiswahili na wenye mashauri wengi wanajieleza wenyewe, kisha nenda Kisutu kwenye Mahakama ya Hakimu Mkazi, na siku nyingine Temeke kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Usihangaike na kesi zinazoandikwa magazetini. Tazama shauri linapotajwa tu, yaani linapoitwa ili lipangiwe hatua inayofuata, uone wakili anavyojitambulisha, anavyoomba ahirisho, na hakimu anavyomkatalia. Sikiliza pia lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, lakini vitabu vyako vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na wakili wa leo hana budi kutembea katika lugha zote mbili bila kujikwaa.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Mtoto wa dada yangu amekuja kukaa kwetu kabla ya kuanza hayo mafunzo ya uwakili. Ni kijana mwenye adabu, lakini anashinda chumbani na vitabu hata kabla masomo hayajaanza, na mume wangu ameanza kunung'unika kwamba hasaidii kitu. Majirani nao wamesikia kuna mwanasheria, sasa wanakuja na kesi zao. Nifanye nini?
Mama mlezi, Tabata

JIBU: Mama, kaeni naye sasa, kabla hajaanza, kwa sababu mkisubiri mpaka manung'uniko yawe maneno, mtakuwa mnazungumza mkiwa na hasira. Mpe kazi zinazojulikana kwa jina na kwa siku. Mtu akiambiwa tu kwamba asaidie nyumbani, hajui amemaliza lini, na anayemtazama naye hajui. Akiambiwa kwamba Jumamosi asubuhi anafua na kufagia uwanja, na kwamba kila jioni anawasimamia wadogo zake masomo kwa saa moja, kila mtu ataona kazi imefanyika, akiwemo mume wako. Zile siku za kati ya wiki zisimdai mengi, maana ratiba yake itakuwa nzito. Na ni vizuri mume wako awepo na ayaseme yeye mwenyewe baadhi ya hayo, kwa upole, ili kijana asione kwamba mama mdogo anamtetea na baba mdogo anamchukia.

Jambo la umeme na mwanga wa usiku nalo lizungumzwe. Kama analala chumba kimoja na watoto, atafutiwe kona ya kusomea mahali pengine, hata kama ni meza ya kulia baada ya watu kulala, na achangie LUKU kwa kiasi atakachoweza. Mchango mdogo unaotolewa kila mwezi huleta heshima kubwa nyumbani.

Kuhusu majirani, hapo ninawaomba muwe wakali, wewe na yeye. Kijana huyo bado si wakili. Atakuwa wakili atakapomaliza mafunzo, akaomba, akasailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, akakubaliwa na Jaji Mkuu na kuandikwa katika orodha ya mawakili. Kabla ya hapo, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye na sifa kujifanya wakili au kuandaa nyaraka za mahakama kwa malipo, na kosa la namna hiyo linaweza kumfungia mlango kabla hajaufikia. Jirani akileta barua ya baraza la kata au mgogoro wa mirathi, kijana aseme kwa adabu kwamba bado anasoma, kisha amwelekeze kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria. Najua hili ni gumu. Mtaani kwetu mtu akimaliza tu mwaka wa kwanza wa sheria huitwa msomi, anapewa kiti cha mbele kwenye vikao vya ukoo na kuulizwa nani arithi shamba. Na yeye, tuseme kweli, huwa anakipenda kile kiti. Wewe kama mlezi ndiye wa kumtoa hapo.

SWALI: Nina miaka 36, ni mtumishi mkoani Shinyanga, nina mke na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Nimechaguliwa kujiunga na mafunzo hayo. Je, nihame na familia yote kwenda Dar es Salaam?
Mtumishi, Shinyanga

JIBU: Ndugu yangu, kwa maoni yangu usihame nao. Mafunzo ni ya takriban mwaka mmoja, na baada ya kipindi cha darasani kuna kipindi cha vitendo katika mahakama na ofisi za mawakili, ambacho hakina lazima ya kukuweka Dar es Salaam. Unaweza kujikuta umehamisha watoto katikati ya mwaka wa masomo, umelipa kodi ya miezi sita ya nyumba ya familia, kisha wewe mwenyewe ukapangiwa mahali pengine. Panga chumba kimoja karibu na Taasisi, uwaache watoto kwenye shule waliyoizoea, na mkubaliane na mke wako, kwa takwimu zilizoandikwa, ni kiasi gani kinabaki nyumbani na ni kiasi gani kinakwenda nawe.

Ruhusa ya masomo iombwe kwa maandishi na ijibiwe kwa maandishi kabla hujaondoka. Ahadi ya mdomo ya mkuu wako wa idara haitakusaidia akihamishwa yeye. Uliza katika ombi hilohilo kama mshahara utaendelea, na kama kuna masharti ya kurudi kutumikia kwa muda fulani. Ikiwa mshahara utasimama, tazama mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao una utaratibu kwa wanaosoma stashahada ya uanasheria kwa vitendo, na uusome mapema kwa kuwa dirisha la maombi likifungwa halifunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mke wako naye awe na nakala za nyaraka zako zote muhimu, pamoja na namba ya mwenye nyumba wako.